Mwiko

Mlingoti wetu una mita thelathini na mbili,
umesimama kwenye shamba la ngano la watu
kati ya Danubi na Tisza, mahali ambapo nchi
imelala chali, haina hata kichuguu cha kuegemea.
Mchana hauna shida. Jua likipiga udongo
hewa inachemka, inapanda kwa mapovu makubwa,
vipanga wanazunguka ndani yake bila kupiga bawa,
na grafu zangu zinakubaliana na vipanga.

Taabu ni usiku.

Hesabu yetu yasema, joto hupanda, hushuka,
kama uji wa mtama, mwiko ukiuzunguka;
na jua likishazama, mwiko haujaondoka,
twakoroga hata kama hewa imekwisha choka.

Hivyo ndivyo tulivyoandika. Tarehe kumi na tisa Aprili
kompyuta ikatangaza nyuzi mbili juu ya sifuri,
nami nikatia sahihi, nikaenda kulala.
Asubuhi Ilka Szalontai akaja na baiskeli.
Hakubisha hodi. Aliweka juu ya kibodi yangu
ua la aprikoti, akalipasua kwa ukucha:
ndani, penye tunda la Julai, palikuwa peusi
kama kichwa cha kiberiti kilichokwisha kazi.
"Mbili," akasema. "Kwangu zilikuwa nne,
upande wa pili wa sifuri."

Nikamweleza. Nikachora ardhi ikipoa kwanza,
hewa nzito ikijilaza juu yake kama mbwa mlangoni,
na ile yenye joto ikielea mita ishirini juu,
isiweze kushuka kwa kukosa wa kuivuta.
Akauliza: "Basi huo mwiko kwa nini msiutoe?"

Ofisini kwetu namba hiyo haiguswi.
Mwiko ni mwiko, husema Csongor, mkubwa wangu,
na hacheki akisema.
Nikaigusa. Nikaishusha mpaka karibu na sifuri.
Ardhi yangu ya tarakimu ikakata kamba na anga,
ikapoa, ikapoa, asitokee wa kuirudisha:
alfajiri ilisoma hasi ishirini na moja,
Siberia nzima chini ya mti mmoja wa aprikoti.
Csongor alitazama skrini, akaenda kuvuta sigara.

Usiku uliofuata wenye nyota nikaenda kwa Ilka
na vipimajoto sita na fataki ya moshi.
Moshi ulipanda hadi magotini, ukakata shauri,
ukatandaza mwili wake mwembamba kati ya miti
bila kwenda popote. Saa tisa kasorobo
sijui nini kilipita, labda upepo wa juu
ulijikwaa kwenye paa la ghala; moshi ukashtuka,
ukavunjika vipande, na kipimajoto kikaruka
nyuzi tatu. Dakika nne. Kisha kimya tena,
baridi ikarudi mahali pake kama mtu
aliyeinuka kidogo kumpisha mwenzake kitini.

Dakika nne hizo sina pa kuziweka.
Mraba wangu una kilomita mbili na nusu kila upande;
ndani yake mna shamba zima, ghala, mbwa, Ilka,
na namba moja tu ya kuwakoroga wote.

Nimeiweka katikati. Si kweli, si uongo mkubwa.
Pembeni yake, ndani ya msimbo, nimeandika:
*imekadiriwa kwa macho, muulize Szalontai.*

Mwaka huu amekopa benki, akanunua feni,
mapanga mawili juu ya nguzo ya mita kumi.
Usiku wa jalidi inalivuta joto la juu, inalimwaga
juu ya maua, na majirani wanalaani.
"Nyuzi moja na nusu!" ananiambia kwa simu,
akipaza sauti kuishinda injini.
Nami naitazama skrini, shamba lake
limetulia tuli. Feni haimo.