Zambarau ya Bibi Otylia

Alitaka zambarau.
Si ya joho la askofu, alisema Bibi Otylia,
bali ya ganda la plamu wiki ya mwisho ya Septemba,
kabla kidole hakijafuta ule unga wake.
Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa.
Usiku uleule niliipata kwenye kompyuta,
inang'aa kana kwamba imemeza taa.

Lebo elfu sita za mitungi ya jemu,
na soko la Łódź ni Jumamosi.

Bwana Wacław aliitazama,
akajipangusa wino kwa kitambaa kilichowahi kuwa shati.
"Binti, hii si rangi, ni nuru.
Mimi nina wino wa aina nne
na karatasi yenye kiu."

Nilikasirika. Barua pepe niliiandika, kali,
nikaifuta.
Kesho yake nilipanda tramu
na plamu tatu mfukoni.

Alinipapasisha karatasi kwa macho yaliyofumbwa:
hii huubeba wino mgongoni,
hii huunywa ukazama.
Akauliza pembeni nimezidisha milimita ngapi.
Sifuri, nikasema.
Hakucheka. Alikata moja ya majaribio,
na ukingoni ukabaki mstari mweupe,
mwembamba, kama aibu.
"Kisu hakina macho. Kipe tatu za kukosea."

Tatu.
Mimi sijawahi kumpa mtu hata moja.

Tukamwita mwenye jemu. Akaja na mwavuli unaochuruzika.
Jaribio la kwanza: "Wekundu umezidi."
La pili: "Sasa imepigwa baridi."
La tatu hakusema neno,
aliweka plamu juu ya karatasi
na plamu ikapotea.

Akaomba kalamu atie sahihi.
Kalamu ikiwa hewani, akasoma kwa sauti:
gramu mia tatu na hamsini.
"Mitungi yangu ni ya mia tatu na ishirini."

Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyemwambia.
Tulisimama watatu, kila mmoja anatazama viatu vyake,
na nyuma yetu mashine, ashukuriwe Mungu,
ilikuwa bado imezimwa.

Nilisahihisha pale pale, magotini.
Bwana Wacław akagawa plamu, moja moja,
tukala ushahidi.
Tone likaangukia karatasi ya jaribio
na sote tukainama kulitazama:
ndani, kumbe, plamu ni ya njano.