Usile Mtaji

Saa mbili asubuhi, Isongole bado imejifunika ukungu,
simu ya baba ikalia mfukoni mwa koti.
Gari la baridi limekufa Igawa. Mnunuzi haji leo.
Labda Jumatatu. Labda.
Baba akasema "sawa, sawa, sawa,"
akaitazama simu kama aliyerudishiwa chenji pungufu.

Lakini stroberi haijui Jumatatu.
Ikiiva imeiva; ukiiacha kutwa moja
inalala chini na konokono.

Misimu miwili tumeichuma kwa vidole vyenye ganzi,
tukiipanga kwenye vijisanduku, ncha juu, kikonyo chini,
moja moja, kama mayai ya mtu mwingine.
"Usile mtaji," baba husema kutoka tuta la pili,
bila kugeuka,
na Lusubilo hutema mate mekundu nyuma ya mianzi.

Mama ndiye aliyeweka ndoo chini.
Hakupaza sauti.
"Leo tunajiuzia wenyewe."

Basi tukachuma ovyo, tukachuma kwa kelele,
zilizopinda, zilizobonyea, zenye bega jeupe,
zile ambazo mnunuzi huzisukuma pembeni kwa ukucha wa kidole gumba.
Tumwitike, miaka minne, alikula hadi masikioni,
akauliza kama zilikuwa tamu hivi tangu zamani
au zimeanza leo.
Hakuna aliyemjibu.

Sukari kilo nne, tumekopa kwa Mama Atupele,
imeandikwa daftarini chini ya deni la mafuta.
Malimau matatu. Sufuria ya makande,
iliyosuguliwa kwa majivu mpaka ikaona haya.
Mama hana mizani wala kitabu.
Alijifunza usichana wake, akiosha vyombo vya masista,
jicho moja kwenye sinki, jingine mekoni.

Koroga. Usiache.
Povu la waridi likapanda, tukaliengua kwa upawa,
nyigu wakaja na ukoo wao mzima,
na nyumba ikanuka kitu ambacho haikuwahi kunuka:
si viazi, si mbolea, si dawa ya kupulizia.
Harufu ya sikukuu isiyo na tarehe.

"Lete kile kisahani cha nje,"
kilicholala juu ya jiwe lenye umande.
Tone moja. Akakiinamisha. Likateleza.
Bado.
Tone la pili likaanza kutembea, likasita
kama mgeni mlangoni asiyejua kama ndiyo nyumba yenyewe.
"Imeshika."

Chupa tisa. Mbili za asali, moja ya karanga,
sita hazikumbuki zilikuwa za nini.

Baba alikaa mbali, kwenye kigoda,
akipiga hesabu vumbini kwa kijiti:
vijisanduku arobaini mara elfu tatu.
Akafuta. Akaandika tena.
Mama akampelekea kiazi cha moto, kimepakwa jamu.
Akala. Akasema chumvi ingefaa zaidi.

Lakini usiku, baridi ilipobana mabati,
nilisikia kifuniko kikifunguliwa jikoni, taratibu,
kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenye mali.
Kijiko kikagonga kioo. Kimya.
Kikagonga tena.
Nikataka kumwambia kutoka gizani, kwa sauti yake mwenyewe.
Nikavuta blanketi.

Asubuhi zilikuwa chupa nane na nusu.
Mama akazihesabu mbele yetu sote:
tisa.