Mgonjwa Kutoka Shimo Namba Saba

Ntibalema, mchorongaji, alilipokea kutoka kwenye bomba
kwa viganja viwili, kama mtu apokeaye uji wa moto,
mita ishirini na tatu chini ya ukingo wa Malagarasi,
pale Uvinza ambapo nguzo ya tatu ya daraja
ingali wino, haijawa zege.

Kwa nje, zuri. Jekundu la kahawia,
limenyooka kama mche wa sabuni.
Msimamizi akasema: mwamba huo, mwageni zege.
Ntibalema akabandua kipande cha ukubwa wa kucha,
akakitumbukiza katika chai yake iliyopoa.
Hatujamaliza kubishana,
kikombe kimejaa tope.

Sasa jiwe la namna hii utalipimaje?
Liweke kwenye shinikizo, litakuwa vumbi kabla halijajibu.
Likate kwa msumeno, maji ya msumeno yatalila.
Ni shahidi anayekufa akiapishwa.

Basi tukalivika nailoni, tukalipaka nta,
tukalizungushia kanga ya mpishi, YA NDANI HUYAJUI,
nikalipakata toka Uvinza mpaka Kigoma mjini,
na kila tukiruka rasta dereva ananiuliza:
vipi, hajambo?

Saa tatu usiku. Wagonjwa wa siti skani wamekwisha.
Bi Mwamini Kitangwa hawashi mashine bila fomu.
Jina? Shimo Namba Saba.
Umri? Nikataja mamilioni ya miaka.
Akanitazama juu ya miwani, akaandika: mtu mzima.
Jinsi? Akapiga mstari.
Anasumbuliwa na nini?
Udhaifu, nikasema. Hatujui umekaa wapi.

Kitanda kikaingia ndani ya pete.
Kwa mazoea ya miaka kumi na sita
akabonyeza kipaza sauti:
"Vuta pumzi. Ibane. Usitikisike."
Jiwe likaibana.
Limeibana tangu ziwa halijawa ziwa.
Na sisi, nyuma ya kioo, tukajikuta tumebana zetu.

Likatujia kwenye skrini chane kwa chane,
cheupe ndicho kizito, cheusi ndicho kitupu.
Utepe wa kijivu: udongo uliokandamizwa usiive.
Ufa mwembamba kama unywele ndani ya sahani,
unapinda, unapotea,
unaibuka chane arobaini mbele
umeshapata mwenzake.
Kisha matundu.
Madogo, ya mraba, yana kona,
vyumba vilivyohamwa.

Huyu kaliwa na nini? akauliza Bi Mwamini.
Chumvi, nikasema. Ilikaa humo, maji yakaja kuichukua.
Na bibi yangu alichemsha chumvi ya Uvinza,
chungu kwa chungu, macho mekundu kwa moshi,
nami nililambishwa kwenye ncha ya kidole chake
mwamba wa watu bila kujua.

"Mimi napiga picha, majibu sisomi,"
akasema, ndivyo kazi yake inavyomtaka,
lakini mkono wake ulikuwa begani mwangu
kama awawekeavyo ndugu wa mgonjwa.

Kwenye korido, mama mmoja wa benchini,
mguu ndani ya plasta, akaona nilichopakata:
urefu wa mkono, kimefungwa kanga,
hakilii.
Akauinamisha uso. Pole, mwanangu.

Ningeweza kumweleza. Maneno yake ninayo,
nimeyasomea miaka minne.
Nikasema: nimeshapoa, mama.

Ripoti yangu inataka nguzo isogezwe
mita kumi na moja kwenda magharibi.
Msimamizi amelalamika juu ya gharama, kisha akasaini.
Ripoti haisemi kwamba asubuhi nilifungua sanduku la sampuli,
nikatafuta pengo lake, lililoandikwa kwa chaki,
nikalilaza taratibu, zima,
pamoja na kanga.

Mpishi mpaka leo ananidai.