Thelathini na Nane Nukta Tano

Kipimajoto hakina huruma wala chuki.
Kilisema thelathini na nane nukta tano,
saa nane usiku, theluji ikiwa kizingitini,
nami nikakisoma mara tatu
kama mtu asiyejua tarakimu.

Zamani ningekuchemshia chai ya maziwa,
ningesema: mafua tu, yatapita.
Lakini ilikuwa siku ya kumi tangu dripu nyekundu,
ile iliyokufanya ukojoe rangi ya cheri,
ukacheka, ukamwita bibi aje aone.
Siku ya kumi damu yako ni nyumba isiyo na mlango.

Mwezi wa nane, kule Bishkek,
Daktari Begimai alinichorea mfupa
nyuma ya risiti ya duka la dawa.
"Ndani ni uboho. Humu seli huzaliwa,
hukua, hutoka kwenda kazini.
Sasa moja imekataa kukua.
Imejizaa, ikajizaa, vichanga vitupu,
vimejaa chumba, wengine hawana pa kulala."
Hakusema vita. Hakusema askari.
Nilimshukuru kwa hilo.
Nikauliza ni nani aliyekosea.
Akaandika chini ya mfupa: *Hakuna.*
Risiti ninayo. Neno lile sijalimeza lote.

Nawe, Aizirek, unayejipima kila Jumapili
kwenye fremu ya mlango wa jikoni,
kisigino ukutani, kidevu juu, bila kuiba,
ndiwe uliyebebeshwa kitu kisichotaka kukua!

Dawa zilikuja kila moja na deni lake.
Vidonge vyeupe vilileta njaa:
ulidai viazi usiku wa manane, viazi na achari ya tango,
ukalia sufuria ilipokwisha kana kwamba kuna msiba,
mashavu yakaumuka kama mkate wa bibi.
Sindano ya Ijumaa ikalegeza mguu wa kushoto,
ukawa unapiga sakafu, pap, pap,
ndala iliyokatika mkanda.
Halafu vidonda vya mdomo. Hapo hukudai kitu.

Bibi Sairakan alikuwa amekufichia kuruti chini ya mto,
vidonge vya maziwa makavu, vya chumvi, vya mkono wake.
Nilivikuta usiku ule nikitafuta barua.
Sikumwambia lolote. Nilivitia mfukoni.

Baba yako aliamsha Zhiguli kwa maji ya moto.
Kilomita sitini hadi Naryn, mlima katikati,
nami ninahesabu pumzi zako
kwa sababu nguzo za barabara zimezikwa.
Ulitetemeka. Kisha ukaacha kutetemeka,
na hilo ndilo lililonitisha.

Nesi wa zamu alikuwa msichana, mikono baridi.
"Homa ndogo hii. Tungoje maabara ifunguliwe."
Nikamfungulia barua, karatasi imelowa jasho la kifua changu:
*Mtoto huyu hana chembe za kumlinda.
Usingoje majibu. Antibayotiki ndani ya saa moja.
Vimelea havitasubiri kukuche.*
Alisoma akisimama. Alisoma tena.
Kisha akakimbia, kweli alikimbia,
kandambili moja ikabaki ukumbini.

Dakika thelathini na nne.
Shinikizo lilishuka hata hivyo.
Wakakujaza maji, mfuko juu ya mfuko,
miguu yako ikiwa na madoa kama marumaru,
na baba yako nje, anaondoa theluji kwenye gari
ambalo halikuwa linakwenda popote.

Ukafumbua macho saa nne asubuhi.
Ulisema: viazi.

Jumapili ilitukuta wodini, fremu yetu ni mbali.
Ukaburuta mlingoti wa dripu hadi mlangoni,
pap, pap,
kisigino ukutani, kidevu juu,
ukamwomba yule nesi kalamu.
Alichora mstari juu ya kichwa chako kisicho na nywele,
akaandika tarehe.

Sijui kama tangu Agosti umeongezeka hata ukucha.
Sijui kama wameshaupaka rangi mlango ule.