Safu ya "Haijulikani"

Jumatatu, Lanet. Vifaranga elfu sita
wanalia ndani ya maboksi yenye matundu,
nami nimefunga dirisha ili wauza programu wasikike.

Wa kwanza, saa tatu. Viatu vyake
havijalijua vumbi la Nakuru.
Akawasha projekta juu ya kalenda ya chanjo,
ukuta ukachanua: duara za rangi ya chungwa,
nguzo za kijani zinazopanda kama mahindi ya Juni.
"Kila shilingi ya tangazo," akasema,
"utaiona ikitoka, utaiona ikirudi."
Mzee Kimosop, mwenye kampuni, akavuta kiti mbele.
Hajaona shilingi ikirudi tangu tulipolipia redio
wiki sita, asubuhi na jioni,
jogoo akiwika kisha namba yetu ya simu.

Nikauliza: Na mama wa Subukia?
"Mama gani?"
Aliyechukua mia mbili mwezi wa pili
kwa kuwa wa jirani yake, walionunuliwa kwingine, walikufa wote,
na wa jirani wa pili, wa kwetu, wakapona.
Hakusikia redio. Hana Fesibuku.
Alichungulia tu juu ya ua.
Akabonyeza. Akabonyeza tena.
Mama wa Subukia akatokea chini ya Redio,
rangi ya chungwa.

Wa pili alizungumza kutoka Nairobi, kwenye skrini,
uso ukiganda kila alipofika kwenye bei.
Bei niliibadilisha kuwa vifaranga:
mia tatu na kumi kila mwezi, waliochanjwa.
"Chombo chetu hakiachi pengo," akasema.
"Palipo wazi kinajaza chenyewe."

Hapo nikamkumbuka baba.

Baba aliuza mayai kwa baiskeli, Njoro hadi Elburgon,
akisema kizuri chajiuza.
Wenye deni lake aliwaweka kichwani,
na kichwa tukakizika nacho Agosti ile.
Mali bila daftari: mwajua inavyoisha.
Lakini ami yangu hakuvumilia pengo. Akalijaza.
Akasimama matangani, akamtaja Ombati, trei arobaini.
Miaka kumi na tisa. Ombati hajatuamkia hadi leo,
na sisi hatujui kama tulimwonea.

Wa tatu, Nelima, alifika amelowa,
kompyuta yake imeng'oka herufi moja.
Hakuwa na maua ya kuonyesha. Jedwali tu, kijivu.
Nikamuuliza habari ya mama wa Subukia.
"Atakaa hapa," akaonyesha safu ya mwisho: Haijulikani.
"Mpaka mtu amuulize, amwandike."
Mzee akacheka. "Ninunue kutojua?"
"Kutojua unako tayari, Mzee.
Hapa utaona ukubwa wake."

Nikatia saini kabla hajamaliza kucheka.

Kwenye kaunta, Wachuka ana daftari la mraba,
jalada limeguguniwa na panya wa stoo ya chakula.
Kila jioni sasa analiingiza kwenye jedwali, kidole kimoja kimoja.
Umetusikia wapi?
Shemeji, Molo.
Ukuta wa choo, Salgaa.
Nilikuwa nimepotea njia.
Sikumbuki, niwekeeni ishirini.

Ripoti ya mwezi wa kwanza ilikuwa karatasi moja.
Redio, asilimia kumi na moja. Fesibuku, ishirini.
Ukuta wa Salgaa, kumi na tano (ukuta ambao
tuliupaka mara moja, kwa rangi iliyobaki ya lango).
Haijulikani: hamsini na nne.

Mzee alivua miwani. Nikangoja anifukuze.
Akatoka, akavuta stuli, akakaa kando ya Wachuka,
na mteja wa kwanza alipoingia, mwanamume mwenye koti la mvua,
akamuuliza mwenyewe, kalamu mkononi:
Umetusikia wapi?

Yule akamtazama, akageuka
kuelekea kelele za vifaranga elfu sita.
"Kwani," akasema, "mlikuwa mmejificha?"