Mbuzi Ndani ya Kioo

Siku ya pili ya Idi ya kuchinja
tumeshuka Posta, viatu vipya vikiuma vidole.
Bibi Mwanakheri kavaa kanga ya jana
yenye doa la mchuzi:
"La sikukuu hilo, halifuliwi haraka."

Makumbusho kuna ubaridi na harufu ya mbao.
Lile fuvu la Olduvai tumelipa shikamoo;
Mwajabu kalihesabu meno,
kamtazama bibi,
kanyamaza.
Ngoma, rupia za Mjerumani, gari kuukuu,
tunasogea tu, ubuyu mfukoni,
vidole vyekundu tumevificha nyuma.

Kisha kibao: MBUZI. PWANI.
Mwinshehe kabandika pua kwenye kioo.
"Yuko wapi? Si tulimla jana?"

Bibi kacheka hadi mlinzi kageuka.
Kigoda kile, ulimi ule wa chuma,
nduguye yuko jikoni kwetu Ilala,
jana alfajiri kakuna nazi saba
na meno bado anayo.

Maandishi hakuyasoma.
Alikaa upandeupande juu ya hewa,
magoti yakilia,
viganja vikazungusha nazi isiyokuwepo,
khwaru, khwaru, kwa mdomo,
na watu na magauni yao ya kumetameta
wakaliacha kabati, wakamtazama yeye.

USIGUSE, pameandikwa.
Hajagusa.

Nje, juani, koni zikitudondokea mikononi,
Mwinshehe kauliza:
"Bibi, na wewe watakuweka lini?"

Kalamba kwanza, pande zote, asipoteze tone.
"Waambie wasubiri.
Usiku nina wali wa nazi."