Nusu Kichwa

Mimi kinyozi, Sumba wa Nambengere,
ufuo mdogo kati ya midomo ya Nzoia na Yala.
Chumba cha mabati, kioo chenye ufa,
mashine moja ya kunyolea,
na waya unaoingia dirishani
kama panya anayejua njia.

Alhamisi, saa nne na ushei,
akaingia Bwana Musembi, mpima mipaka,
buti zake bado zimebandikwa bei.
"Ninyoe. Saa sita nina baraza.
Leo tunaamua ufuo huu ni wa nani."

Nikaanza sikio la kushoto.
Nikapanda taratibu hadi utosini,
naye akinieleza kwa upole, kama anayelisha mtoto,
kwamba upepo wetu una thamani.
Upepo huu huu
unaopeperusha nywele za wateja wangu
hadi kwenye sufuria ya jirani!
Tangu kampuni isimike mlingoti wa kuupima,
kaunti mbili zimekumbuka
kwamba zina mtoto hapa.

Basi nikiwa pale pale utosini,
mashine ikakohoa.
Ikanyamaza.

Transfoma yetu, wasomaji, ni yatima
mwenye baba wawili walio hai.
Nguzo zilichimbiwa na huku,
waya ukavutwa na kule.
Ikiungua, huku wanasema ya kule,
kule wanasema andikeni barua huku.
Barua tumeandika. Karani anatufahamu kwa mwandiko.
Nesi Akumu huzalisha
na simu ameibana kwa meno, imulike.
Nabwire huzika mbuta wake kwenye barafu ya Kisumu
iliyofunikwa pumba za mbao,
akahesabu saa kwa matone.
Na usiku tunatoka kusimama ufuoni
tutazame taa za wavuvi wa omena,
mji mzima unaong'aa juu ya maji,
mji usio na hata mtu mmoja wa kutudai tokeni.
Omena humulikiwa wapate kufa.
Sisi tumeachwa gizani, tuishi.

"Itarudi lini?" akauliza Bwana Musembi
akijitazama katika ule ufa.
"Ya Februari ilirudi Mei."
"Makasi?"
"Yako kwa Nesi. Kuna kitovu cha kukatwa."
Wembe aliukataa mwenyewe;
aliona mkono wangu unacheka.

Akavaa kofia, akaenda.
Na kofia ingemsitiri, naapa,
lau chifu asingesema, "Tusimame kwa sala."

Sijawahi kusikia baraza likinyamaza vile.
Kushoto, upara unaometa kama bakuli.
Kulia, msitu.
Na mstari katikati, umenyooka,
kazi yangu hiyo, sikatai.
Nabwire ndiye aliyeanza, kicheko cha puani,
kisha mzee Odima akainua fimbo:
"Bwana mpima, mpaka tumeuona.
Sasa tuambie, upande wenye nywele
unalipa kodi wapi?"

Wenzake wa meza kuu walijaribu kukohoa.
Yeye hakucheka, wala hakukasirika.
Alipitisha kidole juu ya ule mstari,
polepole, toka paji hadi kisogo,
kama mtu anayesoma neno geni.
Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake.
Nini, hatujui. Kofia hakuirudisha.

Ufuo haukuamuliwa siku ile.
Mlingoti ungali unapima.
Gari lilipoondoka alisimama kwangu
akanilipa nusu. Haki yake.

Mimi nami, kwa ile fadhaa,
nilisahau kuzima mashine.
Wiki ya tatu, saa tisa za usiku,
nikasikia ngurumo ndogo mezani.
Stima imerudi, haikubisha hodi,
na mashine imeamka yenyewe,
inatambaa katikati ya chanuo na poda,
inanyoa giza.

Nikalala nikiisikiliza.
Sikuizima.
Ilinyoa dakika kumi na moja,
ikaachia hapo,
nusu.